Risasi Ambayo Babu Hakuipiga

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima juu ya mbegu, palizi na wadudu waharibifu. Leo sitasema habari za mbegu. Nataka kuwaeleza habari za mzee mmoja aliyenifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni. Mzee huyo alikuwa mwindaji. Sisi vijana tulimwita Babu, nami hapa nitamwita hivyo hivyo.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi. Upande wa magharibi liko Pori la Akiba la Selous. Mkulima wa huku ana majirani wengi: tembo, nyati, nyani na nguruwe pori. Nyani huja mchana, na watoto huwafukuza. Nguruwe pori huja usiku, tena kwa kundi. Shamba la mahindi lililolimwa kwa miezi mitano linaweza kuliwa kwa usiku mmoja.

BABU ALIKUWA NANI

Babu aliingia kazi ya askari wa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati ule bwana nyama wa Liwale alikuwa Mwingereza aitwaye Ionides. Watu walimwita Bwana Nyoka, kwa sababu alikuwa fundi wa kukamata nyoka. Kazi ya askari wake ilikuwa kuwazuia tembo wasiingie mashambani. Walitembea kwa miguu siku nyingi, mizigo kichwani. Baada ya Uhuru Babu aliendelea na kazi hiyo hiyo mpaka akastaafu.

Babu aliona mengi. Aliona Serikali ikifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Aliona pia tembo wakiuawa kwa ajili ya meno yao. Hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha kwamba Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufika mwaka 1989 walikuwa wamebaki karibu 30,000. Babu alikuwa akisema, "Waliowamaliza tembo walikuwa na bunduki nzuri kuliko yangu. Kilichowapungukia si bunduki."

Alipostaafu, alikuwa na bunduki yake ya marisau, ya mtutu mmoja, yenye leseni. Kijiji kilimwomba alinde mashamba wakati wa mahindi mabichi. Malipo yake yalikuwa debe moja la mahindi kwa kila shamba, wakati wa mavuno.

MASHARTI YAKE

Nilimaliza shule nikiwa na miaka 18. Sikuwa na kazi. Babu akanichukua nimshikie tochi. Siku ya kwanza alinipa masharti.

La kwanza, nisiiguse bunduki. "Leseni ina jina moja," alisema, "na si jina lako."

La pili, bunduki ikiwa nyumbani haina risasi ndani. Bunduki ilikaa chumbani, risasi zilikaa kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwake.

La tatu, mnyama akijeruhiwa hafai kuachwa. Siku moja alimpiga nguruwe dume alfajiri. Nguruwe akakimbia na jeraha. Tulimfuata kwa damu tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Mimi nilichoka nikasema turudi. Babu akaniambia, "Njia hii wanapita kina mama kutafuta kuni. Unataka wakutane naye?" Tukaendelea mpaka tukampata.

La nne, asipige kitu ambacho hajakiona. Sharti hilo nililisikia kwa masikio, lakini moyoni sikulielewa. Nililielewa usiku mmoja wa Machi, mwaka 1998.

USIKU ULE

Ule ulikuwa mwaka wa mvua kubwa za El-Nino. Chakula kilikuwa kimeoza katika maghala. Nyumba nyingi zililala na uji, na nyingine zililala bila uji. Kwa siku tatu mfululizo nguruwe walikuwa wameingia shamba la mtu mmoja mwenye uwezo. Mwenye shamba alikasirika. Alimwambia Babu, "Usiku wa leo nataka kusikia mlio wa bunduki."

Tulipanda juu ya dungu. Giza lilikuwa zito na mwezi haukuwapo. Baada ya saa sita tukasikia kitu kikitembea ndani ya mahindi. Majani yalichakarisha. Kisha tukasikia hindi likivunjwa: ta! Baada ya muda, lingine: ta!

Moyo wangu ulidunda. Nikamnong'oneza Babu, "Ndiye! Piga, Babu, piga!" Babu alikuwa ameshaielekeza bunduki. Kidole chake kilikuwa karibu na mtambo. Nikataka kuwasha tochi. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo sana, "Usimulike."

Alisikiliza tena. Halafu akainua mtutu juu, akakohoa kwa nguvu kama mtu mwenye kifua.

Kule chini kukawa kimya. Kisha tukasikia mbio kuelekea mtoni, na katikati ya mbio hizo, sauti ya mtoto mdogo akianza kulia na kuzibwa mdomo.

Nilianza kutetemeka, nikashindwa kuishika tochi. Babu hakusema neno. Alitoa risasi katika bunduki, akaitia katika mfuko wa shati.

ASUBUHI

Kulipokucha tulishuka. Kati ya mistari ya mahindi tuliona nyayo za mtu mzima, na nyuma yake nyayo za mtoto. Nilimwuliza Babu alijuaje. Akanijibu, "Nguruwe huangusha bua zima, kisha hutafuna kwa kelele. Yule alikuwa akichuma hindi moja moja, na bua likibaki limesimama. Mwenye njaa huchuma kwa uangalifu."

Kisha akakata tawi la mti, akafuta nyayo zile zote mpaka mtoni.

Mwenye shamba alikuja na kuuliza kwa nini hakusikia mlio. Babu akajibu, "Sikuona nguruwe wa kupiga." Mtu yule alisema maneno makali. Alisema mzee amezeeka, macho yamekwisha, na kwamba analipwa bure. Siku zile zile alimwondoa katika ulinzi wa shamba lake, na wakati wa mavuno alimnyima debe lake. Watu wengine nao wakaanza kumcheka.

Mimi nilikuwepo, nami nilinyamaza. Babu alikuwa amenikataza kusema. Lakini niliona haya kwa sababu nyingine. Mimi ndiye niliyesema, "Piga." Laiti bunduki ingekuwa mikononi mwangu, leo ningekuwa muuaji wa mama na mtoto wake, kwa sababu ya mahindi machache.

Mashamba mengine yalimlipa. Nusu ya debe la kwanza alinipa mimi nilipeleke usiku katika nyumba moja iliyo karibu na mto. Aliniagiza niliweke mlangoni na niondoke bila kupiga hodi.

SIKU YA KURUDISHA BUNDUKI

Babu alifariki mwaka 2006. Wakati huo nilikuwa nimeshapata cheti cha kilimo na kuanza kazi. Mwenye leseni akifa, silaha yake haiachwi nyumbani. Nilimsindikiza mwanawe kuipeleka polisi. Askari aliifungua bunduki, akaikuta safi. Akahesabu risasi. Nne zilikuwa ndani ya kisanduku chake. Ya tano ilikuwa peke yake, imefungwa katika kitambaa.

Mwanawe aliniuliza, "Hii mbona ameitenga?" Nikajibu kwamba sijui. Leo naweza kusema, kwa sababu mama yule naye ameshafariki, na mtoto yule amekuwa mtu mzima na amehamia mbali.

Wakulima wenzangu, wanyama waharibifu bado wapo, na hasira ya kuliwa mazao naijua. Lindeni kwa zamu, wawili wawili. Zungusheni kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzuia tembo. Mnyama mkali akivamia, mwambieni mtendaji wa kijiji mapema, ili askari wa wanyamapori waje. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari, lakini taarifa ikichelewa ni vigumu kusaidiwa. Msitege mitego ya waya wala kuchimba mashimo njiani. Na mwenye bunduki ya leseni asifyatue kwa kusikia majani yakichakarisha.

Mahindi yaliyoliwa usiku ule yalikuwa kama ishirini hivi. Niliyahesabu mwenyewe, bua kwa bua, Babu akiwa anafuta nyayo.