Injini ya Lori la Marehemu

Mama mkubwa wangu ni mjane, na mali kubwa aliyoachiwa ni lori bovu, Chevrolet la mwaka 1951. Mnunuzi alikuja akasema injini si ya asili, akakata bei kwa nusu. Basi nikaenda na brashi ya waya.

Nilitazama kwanza kifuniko cha ubavuni. Katika injini za inchi za ujazo 216 za siku zile, hupanda hadi kuzunguka plagi. Katika zile za 235 za tangu mwaka 1954, huishia chini ya plagi. Hiki kilipanda. Nikasugua kutu, zikatokea alama za kalibuni: C 15 1. A ni Januari, kwa hiyo C ni Machi. Tarehe 15, mwaka 1951. (Au 1941! Tarakimu ni moja tu.) Injini iliyosubiwa baada ya lori kuundwa haiwezi kuwa yake, lakini iliyosubiwa kabla yaweza kuwa imetolewa lori jingine.

Ikabaki namba iliyogongwa kwenye chuma karibu na distributa. Mama mkubwa alileta kadi iliyoandikwa lori lilipokuwa jipya, tukasoma pamoja, tarakimu kwa tarakimu. Zililingana.

Mnunuzi akarudia bei yake ya kwanza. Mama mkubwa akamwambia alipe leo leo.