Deni la Gari la Parokia



Wapo waumini wa Mandewa waliotuuliza kwa nini likizo iliyopita tulionekana tukipiga alizeti kwenye shamba la parokia hata siku ambazo zamu haikuwa yetu. Tuliwajibu kwamba tunapenda kazi. Jibu la kweli ni refu zaidi, na linaanzia kwenye barabara ya Dodoma.

Mwenzetu wa darasani alifiwa na baba yake. Mazishi yalikuwa nje kidogo ya jiji la Dodoma, misa saa sita mchana. Tulikuwa mafrateri watatu tuliokuwa nyumbani kwa likizo, na Paroko akatupa gari, hela ya mafuta na bahasha ya rambirambi. Mmoja wetu ana leseni. Hatutasema ni nani, kwa sababu wawili tuliobaki ndio tuliokuwa tukitazama saa na kumwambia akanyage.

Tulichelewa kuondoka. Kutoka Singida hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 200, na tulipopita Ikungi jua lilikuwa limeshapanda. Ukishateremka kutoka Manyoni barabara inanyooka, gari linakwenda lenyewe. Karibu na Kintinku basi lililokuwa likija mbele yetu liliwasha taa mara mbili. Kila dereva wa nchi hii anaijua lugha hiyo: trafiki wapo. Tukapunguza mwendo, tukapita mbele ya askari kwa upole kama watu wanaotoka kuungama, tukawapungia mkono, na kilomita mbili mbele tukarudia mwendo wetu wa kwanza.

Tulikuwa tumeshaingia Mkoa wa Dodoma na kuipita Bahi tulipokiingia kijiji kimoja bila kupunguza. Safari hii hakuna basi lililotuwashia taa. Mwenye tochi hatukumwona hata kidogo. Tuliyemwona ni mwenzake wa mbele, aliyenyoosha mkono, akatusalimu, kisha akatuonyesha picha kwenye simu: gari la parokia, namba zake zikisomeka vizuri, na chini yake mwendo wetu, 71. Kibao cha kijiji kilisema 50.

"Afande, sisi ni mafrateri, tunawahi mazishi," tukasema. Mmoja wetu alikuwa ameshaigeuza rozari iliyoning'inia kwenye kioo ili msalaba uonekane vizuri.

"Hata mimi ni Mkatoliki," akasema afande, akaendelea kubonyeza mashine yake. "Hapo mlipopita pana shule."

Kuna jambo lingine lililotokea dakika hiyo, na tumebishana kama tuliandike. Noti ya shilingi elfu kumi ilikuwa imeshakunjwa kiganjani. Haikutolewa. Tungependa kusema kwamba dhamiri ilituzuia, lakini ukweli ni kwamba karatasi ilitoka kwenye mashine kabla hatujapata maneno ya kuanzia. Faini shilingi 30,000, pamoja na namba ya malipo. Afande akatutakia safari njema.

Tuliwahi mazishi. Misa ilianza saa saba.

Ile karatasi tuliichomeka ndani ya kitabu cha Sala ya Kanisa, tukakubaliana kwamba tungelipa kesho yake kwa simu. Mfukoni tulikuwa na hela ya mafuta ya kurudia tu. Na njiani, usiku, tulifanya wanachofanya wanafunzi wa falsafa wakikosea: tulitafuta nadharia. Wanamaadili wa zamani walikuwa na fundisho la sheria ya adhabu tu, lex mere poenalis. Kwa mujibu wake, zipo sheria za serikali ambazo hazifungi dhamiri; ukizivunja hutendi dhambi, ila ukikamatwa una wajibu wa kulipa adhabu. Tukasema sheria ya mwendo ni mojawapo. Tulifika Issuna tukiwa tumeshajiondolea dhambi bila padre.

Sasa tunaona jinsi tulivyokuwa wepesi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye tunamsoma kila wiki, anaieleza sheria kuwa ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa. Kibao cha 50 kimetangazwa kwa rangi nyekundu na nyeupe, na manufaa ya wote yalikuwa yamekaa darasani mita chache kutoka barabarani. Katekisimu, katika namba 2290, inaweka kupenda mwendo kasi bega kwa bega na ulevi pale unapohatarisha usalama wa watu. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa hati nzima juu ya uchungaji wa barabarani, yenye amri kumi za madereva. Hatukuikumbuka hata moja. Na hata nadharia ile ya huruma ilikuwa imetuachia wajibu mmoja tu, kulipa, na huohuo ndio hatukuutimiza.

Tulipomrudishia Paroko ufunguo aliuliza, "Safari ilikuwaje, wanangu?"

"Salama, Padre."

Kesho yake hatukuwa na hela. Wiki iliyofuata mmoja wetu alikuwa nayo lakini mwingine alikuwa amekwenda kwao. Mnajua wenyewe deni la watu watatu linavyokaa.

Jambo ambalo hatukulifikiria, na ambalo kila anayeazima gari la mtu inafaa alijue, ni kwamba deni hilo haliandikwi kwenye uso wa dereva. Linaandikwa kwenye namba za gari. Ukikosea Dodoma, gari likisimamishwa Singida, askari akiingiza namba zile deni linatokea, hata kama kwenye usukani yumo mtu mwingine kabisa. Mwenye gari anaweza kuliona hata yeye mwenyewe kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi, ila Paroko wetu hakuwa na sababu ya kuangalia. Aliuliza, na sisi tulimjibu salama.

Wiki ya tatu alikuwa anatoka kigangoni na akina mama watano wa WAWATA. Akasimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida. Askari akamwambia gari linadaiwa. Padre akasema hapana, afande, gari hili halijawahi kuandikiwa kosa. Alisema hivyo kwa imani nzima, mbele ya wale mama, na askari akamgeuzia mashine asome mwenyewe tarehe, mahali na mwendo. Mama mmoja akatoa simu yake akalipa, pamoja na nyongeza ya kuchelewa, kutoka kwenye hela aliyouza vitunguu.

Hatukusikia hayo kwa Paroko. Tulisikia kwa mama huyo, Jumapili, nje ya kanisa. Hakutugombeza. Alisema tu, "Padre alionekana mwongo, wanangu. Mbele yetu."

Tulikwenda nyumbani kwa mapadre jioni ileile. Tulikuwa tumepanga nani aanze, lakini tulianza wote kwa pamoja, kisha wote tukanyamaza. Paroko alitusikiliza hadi mwisho, pamoja na habari ya noti iliyokunjwa, ambayo angeweza asiijue kamwe. Akauliza swali moja: "Siku ile nilipowauliza, mlikuwa mmesahau?" Tukasema hatukuwa tumesahau. Akainuka akaenda kuwasha jenereta, maana umeme ulikuwa umekatika, na hakurudi kwenye mazungumzo hayo.

Kwa hiyo alizeti. Tulipiga na kupepeta kwa siku sita, na mhasibu wa parokia akatulipa kama vibarua wengine. Tulipompelekea mama yule hela yake tulidhani atasema tumpe Mungu. Alizihesabu noti moja moja mbele yetu, akarudisha shilingi mia tano iliyozidi, akatupa na uji.

Mwisho wa likizo, kama kawaida, Paroko huandika ripoti ya kila frateri kwa Gombera. Alitukabidhi bahasha tatu zilizofungwa kwa gundi, akatupeleka stendi mwenyewe kwa gari lilelile, taratibu sana, hata pikipiki zikatupita. Karibu na stendi dereva mmoja alimwashia taa. Paroko hakupunguza. Alikuwa kwenye 40.

Bahasha tumekwisha kuzikabidhi.