Ujiji kwa siku moja, kabla ya kuitikia posa

Nyinyi mnaosubiri jibu la wazee mnatuuliza sana habari za kufu, basi leo tunakusimulieni safari yetu ya Ujiji.

Sisi ni wanawake wa Unguja tuliofuata waume zetu Mpanda. Binti yetu alipoposwa na kijana ambaye kwao ni Ujiji, Mpanda hapakuwa na neno. Kijana anasali, ana kazi, ana adabu. Neno lilitoka nyumbani kisiwani: "Wamanyema hao! Si ndio walioletwa na minyororo?" Baba wa binti akasema posa haijibiwi kwa maneno ya simu. Nendeni mkawaone watu.

Siku hizo Liemba ilikuwa bado inasafiri. Tukateremka kwa gari hadi Karema kuisubiri ikipanda kutoka Zambia. Bandari mpya ya Karema ilikuwa haijajengwa bado, kwa hiyo meli ilisimama majini, maboti yakaifuata, na abiria wakaingia kwa mlango wa ubavuni. Mwenye buibui ilibidi afunge kibwebwe mapema! Na mmoja wetu alitangulia kupanda awapokee wenzake, maana mabaharia walikushika mkono utake usitake. Meli yenyewe ni bibi kizee: iliundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini 1927. Sala tulikusanya na kupunguza. Kibla hakikutusumbua, ni kaskazini kama kwetu Unguja, mbele ya meli, mkono wa kulia kidogo.

Meli ilifunga Kigoma, na Ujiji ni kilomita chache tu kwa daladala. Tulikuwa na siku moja kabla ya treni ya kurudi kupitia Kaliua.

Zamani bandari ilikuwa Ujiji. Reli ilipofika Kigoma 1914, biashara ikahamia huko, na maji ya ziwa nayo yamerudi nyuma. Pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871 palikuwa karibu na ufuko. Leo ukisimama kwenye mnara wa kumbukumbu, ziwa liko mbali nawe. Wageni hupiga picha hapo wakaondoka. Sisi tulizunguka mitaani. Miembe kila upande, mabaraza ya nyumba kama ya Ng'ambo, wanawake wamejitanda khanga, watoto wanarudi chuoni na juzuu kifuani. Ufukweni mafundi wanaunda maboti ya mbao kwa nyundo na pamba, na migebuka inauzwa bado inang'aa. Mmoja wetu alisema, "Mbona kama tuko kwetu?"

Ni kama kwetu kwa sababu watu wetu walipita. Misafara ya pwani iliyokuja kununua pembe za ndovu ilileta Kiswahili na Uislamu, na ilirudi Bagamoyo kupitia Tabora ikiwa na pembe na watu. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, mtu wa ukoo wa Barwani, alitawala biashara hapa miaka ya 1880. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini Tanganyika utumwa haukufutwa kwa sheria mpaka 1922. Mambo haya hatukufundishwa kwenye mikeka ya maulidi.

Mchana tulikaribishwa kwa bibi yake kijana. Wali, kunde za mawese, migebuka. Baada ya chakula akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Bibi yangu aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto wa meno ya kwanza. Hakulijua tena jina la mama yake. Lakini alijifunza Kurani, na akawafundisha wasichana wa mtaa huu mpaka alipokufa." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Na nyinyi wanangu, wenu wa Unguja walikuja na jahazi gani?"

Kimya. Wawili kati yetu tuna bibi ambao asili yao nyumbani haitajwi.

Sasa kuhusu kufu. Wanazuoni wa Kishafii wanaitaja nasaba, ni kweli, lakini wanaihesabu kuwa haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia wote ndoa inasihi. Fatima bint Qays alikuwa Mkureshi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo Fatima hakupenda, kisha akaolewa na akaona kheri. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim, na wazee wetu wanakijua vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo mzee akikwambia "si kufu", muulize kwa heshima: dini yake au babu yake? Mtu asiyesali tungemkataa hata angekuwa sharifu.

Binti alituuliza jambo moja tu tuliporudi, kama bibi yule atamkubali. Tukamwambia ametupima sisi kwanza.

Posa iliitikiwa wiki ile ile. Bibi alikuwa ametupa dumu la mawese kwa ajili ya wazee wa Unguja, tukalisafirisha. Mzee aliyepinga zaidi hakuja harusini. Mawese aliyapokea.