Tulipanga kulala Bukoba, bibi akauliza basi linapita wapi

Likizo ya Juni ilipokaribia nilichukua daftari la hesabu la binti yangu, nikafungua kurasa za nyuma na kupanga safari ya Bukoba. Siku nne, kulala mara tatu. Tunaishi Igoma, Mwanza. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike 8. Baba yao amelala Rubya, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha kwao. Ilikuwa inaingia miaka mitatu, na tangu mazishi hatukuwa tumerudi.

Mpango wangu niliuona mzuri kweli. Tupande meli hadi Bukoba, tuchukue hoteli ya bei nafuu karibu na ziwa, tulale hapo siku zote tatu ili mabegi yasihamehame. Kila asubuhi tunatoka, jioni tunarudi. Siku ya kwanza mjini na kisiwa cha Musira. Ya pili Katuruka, ambako zamani Wahaya walifua chuma, na tukiwahi tupitie Kashozi. Ya tatu Rubya: kaburi, kumsalimu bibi, chakula cha mchana, kurudi mjini. Ya nne basi la Mwanza.

Nikampigia mama mkwe na kumsomea yote, kama mtu anayesoma bajeti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hilo basi la kurudi Mwanza linapita wapi?" akauliza.

"Linapita Muleba, mama."

"Kwa hiyo, waitu, wajukuu zangu watakula kwangu mchana, watakwenda kulala hotelini Bukoba, halafu kesho yake watapita tena hapo Muleba wakinipungia mkono."

Sikuwa na jibu. Akasema, "Sawa mwanangu, karibuni," akakata simu. Mtu akikugombeza unaweza kujitetea. "Sawa" ya namna ile haina mahali pa kuishika.

Wazazi wenzangu, niwaambie jambo ambalo sikumwambia yeye. Ile hoteli haikuwa kwa ajili ya mabegi. Siku tulipomaliza mazishi, mzee mmoja wa ukoo alisema mbele ya watu kwamba mtoto wa kiume anapaswa kukulia kwenye ardhi ya baba yake. Hakuna aliyeendelea na mazungumzo hayo, na mama mkwe mwenyewe hakusema neno. Lakini mimi ni Msukuma wa Magu, mgeni pale, na lile neno nilirudi nalo Mwanza. Hoteli ilikuwa mlango wangu wa kutokea. Mtu asiyelala kwako hawezi kuulizwa maswali ya usiku.

Nilikaa na daftari siku mbili. Kilichonisaidia si ujasiri, ni ramani. Ukitoka Mwanza kwa meli, unashukia Bukoba. Ukirudi kwa basi, unapita Muleba, na kutoka Muleba kwenda Rubya hazizidi kilomita 20. Hakukuwa na sababu ya kurudi Bukoba kila jioni isipokuwa ile yangu ya moyoni. Nikafuta, nikaandika upya: kwenda kwa meli, kulala Bukoba mara moja, kulala Rubya mara mbili, basi la kurudi tulipandie Muleba. Katuruka ikaanguka. Pesa ya hoteli ya siku mbili ikageuka sukari, mchele, sabuni na doti ya khanga.

Kuhusu meli, kwetu Igoma hilo ni jambo zito. Walikozikwa watu wengi wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikitoka Bukoba, ni hapa kwetu, na watoto wanapita karibu na makaburi yale mara kwa mara. Binti yangu aliniuliza wazi: "Ndiyo hiyo meli?" Nikamwambia si hiyo, hii inaitwa New Victoria, nikamweleza pia kwa nini ile ilizama, kwamba ilikuwa imebeba kupita kiasi. Sikutaka kumdanganya kwamba ziwa halina neno. Tulipopanda, kabla ya kutafuta vitanda, tulitafuta kwanza maboya ya kuvaa yako wapi. Kaka yake aliyahesabu. Baada ya hapo walilala mpaka Kemondo, na mimi ndiye niliyekesha.

Asubuhi Bukoba inakuja polepole, vilima vya kijani nyuma, Musira mbele kama jiwe lililosahauliwa majini. Wabebeeni watoto masweta. Watu wa Mwanza tunadhani ziwa ni moja na hali ya hewa ni moja, lakini upande ule mvua ni nyingi zaidi na asubuhi ina ubaridi wake. Juni angalau mvua imepungua. Aprili nisingejaribu.

Tulipita Kanisa Kuu, alipo Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati zetu, mwaka 1960. Alizaliwa Kamachumu mwaka 1912, akafariki 1997, na mwaka 2012 mwili wake ulihamishiwa hapo kutoka Kashozi. Mwanangu hakuvutiwa sana mpaka niliposema kwamba kardinali alisoma seminari ya Rubya. "Rubya ya baba?" Rubya ya baba. Akarudi kulitazama kaburi mara ya pili.

Mchana tulivuka kwenda Musira kwa mtumbwi wa injini. Mwenye mtumbwi alikuwa na maboya mawili tu, nikamwambia atafute la tatu au tushuke. Akalitafuta. Wenyeji husimulia kwamba zamani watu waliokosana na mtawala walipelekwa kuachwa kisiwani huko, na watoto walipenda habari hiyo kuliko kitu chochote cha siku ile. Jioni tulikula sato, tukalala mapema. Ndiyo Bukoba yetu yote, na ilitosha. Ukiwa na watoto, safari mbili kwa siku moja ni kelele mbili kwa siku moja.

Kesho yake tulipanda hiace hadi Muleba, kutoka hapo gari dogo hadi Rubya, tukabanwa pamoja na gunia la mtu na kuku wake. Njiani ni migomba tu, na chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa maharage, na nyumba zimejificha ndani yake. Binti yangu aliuliza mji uko wapi. Hakuna mji wa kuona kwa mara moja. Kila nyumba ina kibanja chake, na kila kibanja kina watu wake, walio juu ya ardhi na walio chini.

Mama mkwe alikuwa amesimama nje. Hakutaja hoteli, wala siku hiyo wala baadaye. Aliwashika watoto mikono, akawapeleka moja kwa moja kaburini kabla hata ya maji ya kunywa, kisha akawarudisha na kuwapa ndizi na maharage. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio kirefu. Kulikuwa na kilio kifupi na chakula kingi.

Siku iliyofuata tulitembea hadi hospitali ya Rubya, ambako baba yao alizaliwa. Hatukuwa na shida ya kuingia, tulisimama tu nje, mwanangu akaangalia majengo kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Tukapita kwenye seminari, tukarudi kwa mguu. Bibi alimpa binti kahawa ya kutafuna, ile ya buni iliyochemshwa na kukaushwa, naye akaitema nyuma ya nyumba akidhani haonekani. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna kiingilio popote siku hiyo, na ndiyo siku wanayoizungumzia hadi leo.

Jioni ya pili, tukimenya ndizi, swali likaja.

"Huyu mkubwa angebaki. Mpaka shule zifunguliwe."

Wiki mbili na siku kadhaa. Lakini masikioni mwangu lilikuwa lile neno la mzee. Nikasema, "Mama, mwaka huu hapana."

Aliendelea kumenya. Baadaye akarudia, taratibu, kana kwamba anaonja, "Mwaka huu." Basi.

Usiku, tukiwa kitandani watatu kwa sababu ya baridi, mwanangu akanong'ona, "Mama, hukuniuliza." Nilijifanya nimelala.

Nilipoamka alfajiri nafasi yake ilikuwa tupu. Nilitoka na khanga moja, moyo unadunda, nikapita jikoni, nikapita zizini. Niliwakuta mwisho wa kibanja. Bibi alikuwa anamwonyesha mlamula, ule mmea Wahaya wanaoupanda kuonyesha mipaka. Alikuwa anamhesabia: kutoka hapa hadi pale kwa mwembe, kutoka mwembe hadi njia. Mtoto anarudia. Halafu akamwonyesha mibuni sita na kumwambia hii aliipanda baba yako akiwa kama wewe.

Nilisimama nyuma ya migomba. Jambo nililolikimbia miaka mitatu lilikuwa linafanyika mbele yangu, na lilifanywa na bibi kizee aliyevaa makubazi, kwa sauti ya chini, na mtoto aliyekuwa anacheka kila akikosea. Sikuingilia. Nilirudi ndani kufunga mabegi.

Basi tulilipandia Muleba kama tulivyopanga. Bibi alitupa mikungu miwili ya ndizi, na ubishi na kondakta kuhusu nauli ya ndizi ulikuwa mkali kuliko ubishi wowote wa safari. Tulivuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, watoto wakiwa wamelala. Wale tuliowahi kupanga foleni ya kivuko pale tunajua walichokosa kuona, na ni afadhali.

Sasa napanga Desemba, kwenye daftari lile lile. Desemba Wahaya wanarudi kwao kutoka kila kona, mabasi yanajaa, kwa hiyo anayefikiria safari hiyo akate tiketi mapema. Watoto wanataka kula senene wabichi wa msimu. Safari hii tunalala Rubya siku zote. Bukoba mjini tutakwenda asubuhi na kurudi jioni, na Katuruka nimeiweka tena.

Kuna mstari mmoja bado hauna tarehe, wa mwanangu. Anaomba atangulie wiki moja peke yake, ashukie Muleba, bibi ampokee. Nimeshauliza nauli ya mtoto.