Funga dirisha kabla hujaprinti

Nimepotea siku nyingi, si mnajua wiki za kukabidhi kazi zilivyo. Watu wanalala chini ya meza za kuchorea, printa inapanga foleni kama daladala za jioni, na kila baada ya dakika kumi unasikia mtu anauliza, "Jamani, nani ana leiauti ya A1?" Mwenye nayo usiku huo anakuwa mfalme.

Leo nataka tuongee mambo mawili ambayo wengi wetu tunayafanya dakika ya mwisho kabisa: vyupoti na namba za karatasi. Nyie wa kozi nyingine msikimbie, nitakwenda taratibu.

Kwenye AutoCAD kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni modeli. Huko unachora nyumba kwa ukubwa wake halisi, yaani mlango wa milimita 900 unauchora milimita 900. Ya pili ni leiauti, ambayo ni karatasi yenyewe kama itakavyotoka kwenye printa, na fremu yake na kile kisanduku cha pembeni chenye jina la mradi, tarehe na namba. Sasa vyupoti ni dirisha unalotoboa kwenye karatasi ili uione nyumba iliyoko kule nyuma. Karatasi moja unaweza kuitoboa madirisha kadhaa. Hili linaonyesha ramani nzima kwa skeli ya 1:100, lile la pembeni linaonyesha ngazi peke yake kwa 1:20. Nyumba ni ileile moja. Ukisogeza ukuta kwenye modeli, madirisha yote yanauona umesogea.

Mpango huu uliingia kwenye toleo la 11 la AutoCAD, mwaka 1990, na mpaka leo ndio tunaoutumia. Utamu wake mwingine ni kwamba kila dirisha linaweza kuficha leya zake. Ramani ya fenicha na ramani ya umeme zinatoka kwenye modeli moja: dirisha la kwanza umeficha taa na soketi, la pili umeficha makochi na vitanda. Wanaokopi nyumba nzima mara tano pembeni ili wapate ramani tano wanajitafutia kazi, manake mwalimu akisema sogeza choo, inabidi kisogezwe mara tano, na kimoja hakikosi kusahaulika.

Ila dirisha lina ugonjwa mmoja. Ukibofya mara mbili ndani yake, unaingia kwenye modeli kupitia palepale. Ukizungusha gurudumu la mausi kidogo tu, skeli imeshabadilika. Kwa macho huoni kitu, mchoro umekaa vizuri katikati ya karatasi, na chini yake bado pameandikwa 1:100.

Mwenzetu mmoja yalimkuta mbele ya jopo. Mzee mmoja mgeni alitoa rula yake ya skeli mfukoni, akaiweka juu ya mlango wa chumba cha kulala, akainama, akanyanyuka. "Binti, mlango wako una sentimita 76. Kitanda kitapita wapi?" Binti wa watu akabaki anashangaa, anajua kabisa kwamba alichora 90. Na kweli alichora 90. Tulipofungua faili baadaye tukakuta dirisha liko kwenye 1:118. Mlango wa milimita 900 kwenye 1:100 unatakiwa uwe milimita 9 kwenye karatasi, wake ulikuwa 7 na nusu na ushee. Kazi ya miezi mitatu ikaanza kujadiliwa kwa mlango.

Dawa yake ni ya sekunde tano. Ingia ndani ya dirisha, andika ZOOM halafu 1/100xp (hiyo ni kama unachora kwa milimita), toka nje, chagua fremu ya dirisha, nenda kwenye sifa zake, pale kwenye Display Locked weka Yes. Basi. Hapo utazungusha mausi mpaka uchoke, karatasi nzima ndiyo itakayosogea, skeli haitikisiki. Fremu zenyewe ziweke kwenye leya yao uliyoizuia isiprintiwe, zisije zikatoka kama mistari ya ukuta.

Halafu kuna hili la steshenari. Mchoro umeupanga kwenye A1, hela imeisha, unasema nitoe tu A3. Kutoka A1 kwenda A3 urefu unakatwa nusu, kwa hiyo 1:100 yako imegeuka 1:200 na maandishi yanadanganya. Ndiyo maana inafaa kuchora kipimo cha mstari chini ya kila mchoro, ule wenye mita 0, 1, 2, 5. Karatasi ikipungua, nao unapungua pamoja na nyumba, kwa hiyo ukweli unabaki.

Hayo ya skeli hapa chuoni yanaishia kwenye maksi. Ya namba nimeyaona field, na hayakuishia kwenye maksi.

Nilikuwa saiti moja nje kidogo ya Dar, nyumba ya mwalimu mstaafu. Mzee wa watu kamaliza utumishi, kachukua kiinua mgongo chake, kakileta chote kwenye udongo ule. Michoro ilitoka kwenye ofisi fulani, sitaitaja. Karatasi zilikuwa na namba 1, 2, 3, mpaka 9, basi. Mwalimu akaomba jiko lisogezwe nje mita 1.2, mama apate nafasi ya stoo. Ofisi ikasahihisha ramani ya msingi, ikaiprinti, ikaituma. Namba yake 4, kama ya mwanzo. Hakuna herufi ya marekebisho, na tarehe ni ileile ya zamani.

Basi bwana, saiti pakawa na karatasi mbili namba 4. Moja alikuwa nayo fomeni, imekunjwa mara nane kwenye mfuko wa shati. Nyingine ilikuwa kwenye bahasha kwenye kibanda cha mlinzi. Vijana walichimba siku tatu kwa kufuata ya mfukoni, upande wa jiko wakamwaga na zege ya chini. Siku ya nne mwalimu akaja, akapima kwa hatua zake, akauliza kwa upole, "Fundi, hili si ndilo jiko la zamani?"

Fomeni akaenda kibandani, akazilaza karatasi zote mbili juu ya tofali. Akaangalia hii, akaangalia ile. "Shikamoo yako mwalimu, lakini zote zimeandikwa nne. Mimi niamini ipi?"

Hakuna aliyemjibu, na mimi mwanafunzi wa field nilikuwa nimeshika futi kamba tu. Ofisi ikasema ilituma. Fomeni akasema alifuata mchoro. Mwalimu akafungua pochi, akalipa vibarua kuchimba upya. Sikumsikia akilalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Namba ya karatasi ni anwani. Karatasi mbili zenye namba moja ni kama kiwanja kimoja chenye hati mbili, na sote tunajua hayo yanavyoishia.

Wamarekani wana mfumo wao wa kitaifa wa michoro ya kompyuta, na hapa hakuna anayetulazimisha kuufuata, ila una akili. Namba inaanza na herufi ya fani: A ni usanifu, S ni miundo, P ni mabomba, E ni umeme. Inafuata tarakimu ya aina ya mchoro: 1 ni ramani, 2 ni mionekano ya nje, 3 ni mikato, 5 ni michoro ya kina. Mwisho tarakimu mbili za mfuatano. Kwa hiyo A-101 ni ramani ya kwanza ya usanifu, A-301 ni mkato wa kwanza. Ukiongeza ramani nyingine inakuwa A-102 au A-103, na mikato yako haiguswi. Kwa mtindo wa 1 mpaka 9, ukichomeka karatasi moja katikati, zote za nyuma yake zinahama, na kila kiduara kilichosema "ona karatasi ya 5" kinakupeleka kwa jirani.

Viduara hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza. Ukiandika 3/A-501, maana yake nenda karatasi ya A-501, mchoro wa 3. Tangu AutoCAD 2005 kuna Sheet Set Manager, ambayo inaweza kuziandika namba hizo yenyewe: unabadilisha sehemu moja, kisanduku na viduara vyote vinafuata. Kama hujaizoea, tengeneza orodha ya karatasi zote kwenye ukurasa wa kwanza na uihakiki kwa kalamu, moja moja. Na karatasi ikirekebishwa, namba yake ibaki, lakini ipate herufi ya marekebisho, tarehe mpya na neno moja la kilichobadilika. "B, jiko limesogea mita 1.2." Kisha ile ya zamani ifuatwe saiti ichukuliwe, hata kama iko mfukoni mwa fomeni. Siku hizi iko mpaka kwenye WhatsApp yake, basi na huko mwambie aifute.

Mhadhiri wa jopo ukimchanganya atakuuliza, na wewe utakuwepo kumjibu. Fundi saiti saa moja asubuhi hana wa kumuuliza, ana karatasi yako tu na vijana kumi wameshika majembe.

Haya, printa imefika zamu yangu. Wale wa mwaka wa pili mnaokabidhi Ijumaa, njooni na flashi zenu kantini saa nne, tutafunga madirisha pamoja. Chai mtanunua nyie.