Majina mawili, faili moja

Najua nimepotea wiki mbili nzima, ila jamani yaliyonikuta, we acha tu.

Wengi mnajua kwetu ni Nyarubungo, Biharamulo. Likizo iliyopita nilimrekodi bibi yangu na kaka yake wakipiga stori za zamani kwa Kishubi. Niliporudi chuo nikakaa wiki tatu naandika neno kwa neno, mstari wa Kishubi, chini yake Kiswahili. Kurasa 23! Sauti zenyewe nikazifuta kwenye simu maana memori ilijaa (msinicheke).

Sasa diski ya laptop yangu nayo imejaa muvi. Mshikaji mmoja wa hosteli akaniambia, kwenye Linux tumia ln badala ya cp, unapata faili la pili na halili nafasi. Nikaona bonge la ujanja. bibi.txt likapata mwenzake, akiba.txt, nikalala usingizi mnono.

Jumanne supavaiza akataka Kiswahili kitupu. Nikafungua bibi.txt kwa nano, nikafuta Kishubi chote, nikasevu. Wasiwasi wa nini, akiba si ipo? Nafungua akiba... Kiswahili kitupu! Tumbo likakata.

Kumbe jina la faili siyo faili. Kwenye diski kila faili lina namba yake, inaitwa inodi, na jina ni kibao tu kinachoelekeza kwenye namba hiyo. ln inaongeza kibao cha pili, ndiyo hiyo wanaita hadilinki. Na siyo ugonjwa wa laptop yangu, jambo hili lipo tangu Unix ya mwaka 1971. Ni kama mimi: nyumbani nina jina langu, chuo wananiita jingine, namba ya NIDA ni moja. Ukimnyoa mmoja, wote wana upara.

Kilichoniponza ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Ukubwa sawa, tarehe sawa, maneno sawa, lakini hata kopi ya kweli inaweza kuwa hivyo hivyo! Kulwa na Doto wanafanana lakini ni watu wawili. Kwa hiyo usiangalie sura, uliza namba. Andika ls -li. Safu ya kwanza ni inodi. Yangu yote mawili yalikuwa na namba ile ile. Baada ya safu ya ruhusa kuna tarakimu ndogo inayohesabu majina: ikiwa 2, faili hilo lina jina jingine mahali fulani. (Folda zisikutishe, zenyewe kwa kawaida zinaanzia 2 au zaidi.) Ukitaka kumjua mwenzake, find ~ -samefile bibi.txt. Ukitaka yote yenye majina zaidi ya moja, find ~ -type f -links +1. Ila namba ina maana ndani ya diski moja tu. Diski nyingine inaweza kuwa na namba hiyo hiyo kwa faili lisilohusika kabisa. Wa Windows mnayo fsutil hardlink list.

Na hadilinki haivuki kwenda diski nyingine. Ningeweka kwenye flashi ingekuwa kopi ya kweli, tena bila kujua. Flashi nilikuwa nayo mfukoni, jamani!

Nimepekua kila kona. Nimepata kurasa 9 nilizowahi kumtumia supavaiza kwa imeili. Jumapili nikampigia bibi, akacheka: "Mjukuu wangu, maneno yangu yamepoteaje na mimi nipo?" Ni kweli, yake atayasema tena. Lakini kaka yake tulimzika mwezi wa pili, na kurasa 14 zilizobaki karibu zote alikuwa anaongea yeye.

Kiswahili chake ninacho. Likizo hii naenda na Kiswahili hicho, nimsomee bibi mstari kwa mstari, aniambie kaka yake angelisemaje kwa Kishubi. Nauli sijui nitatoa wapi, bumu lenyewe limeshakata. Haya, naenda kula.