Litungu na Njia ya Pwani

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mwimbaji ajaye arusini na litungu haketi pembeni. Chombo chake ni kikubwa, kina nyuzi nane, mzinga wa mti na uso wa ngozi; sauti yake ni nzito, tena ina mvumo wa kukwaruza ambao mgeni hudhani ni kasoro na mwenyeji huuona ndio utamu wenyewe. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi aghalabu ni nailoni ya wavuvi. Mpigaji huimba huku akipiga, na maneno ni yake mwenyewe. Husifu ukoo wa bwana arusi, hutaja waliokufa, na humwambia tajiri wa mifugo mbele ya halaiki neno ambalo jirani yake asingethubutu kumwambia faraghani. Tajiri hucheka, kisha hutoa fedha. Lau asingetoa, ubeti wa pili ungekuwa mkali zaidi.

Riziki hiyo ina mpaka wake. Si ule mstari ulionyooshwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro, ukawagawa Wakuria. Wimbo huuvuka mstari huo bila cheti. Mpaka wa kweli ni lugha. Mwimbaji akifika Dar es Salaam, sauti itasikilizwa na maneno yatapotea, naye nusu ya kazi yake ni maneno.

Yuko mwimbaji wa shamba aliyeijaribu njia hiyo hadi mwisho wake. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, mpiga zeze na ilimba. Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, aliliambia Bunge kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za Kizungu na hawakujua ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni. Katika miaka hiyo ya 1960 Zawose aliitwa Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha taifa cha ngoma. Baadaye akawa mwalimu Bagamoyo, penye chuo cha sanaa. Santuri yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996, na nyingine, Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mwaka 2002. Majumba ya Ulaya yalijaa watu wasiojua neno moja la Kigogo, nao walimshangilia kwa haki, maana koo lile lilishuka chini kama ngurumo na kupanda juu kama sauti ya mtoto.

Lakini walishangilia koo. Mtu wa namna hiyo nyumbani hujibiwa. Jukwaani hupigiwa makofi, na kati ya hayo mawili upo umbali mkubwa kuliko wa Dodoma na London. Haifai kumlaumu: asingetoka, huenda asingejulikana nje ya Ugogo, na jamaa zake wasingepata shule ile ya muziki aliyoijenga nyumbani mwake. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwanawe Msafiri ameendelea na kazi hiyo, na mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, wajiitao The Zawose Queens, walitoa santuri yao.

Litungu halikupata mjumbe wa jina kubwa kama hilo. Vijana hulinasa kwa simu, hulipeleka Mwanza na Nairobi kwa ndugu zao, na mpigaji hapati senti kwa safari hizo za sauti yake. Hata hivyo ameketi bado, na usiku ukiwa umekwenda, akisahau jina la babu mmoja wa ukoo anaousifu, mzee fulani gizani hulitamka kwa sauti. Mwimbaji hapotezi pigo. Hulichukua jina hilo, huliweka mahali pake katika ubeti, na akina mama hupiga vigelegele.